Mumiani na gari jekundu: kwa nini wazee wetu waliwakimbia wazimamoto

Mwezi Juni mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto hapa Mombasa. Kilichowakusanya watu siku ile ni uvumi uliokuwa umeenea mjini kwamba wazimamoto wanakamata watu na kuwatoa damu. Gazeti la East African Standard liliitangaza habari hiyo kuwa ni umati uliochochewa na hadithi ya wanyonya damu. Msomaji wa Nairobi au London bila shaka aliisoma, akatikisa kichwa, akafungua ukurasa wa pili.

Mtu wa Pwani hakuhitaji gazeti limweleze. Neno moja lilimtosha: mumiani.

Wengi wetu tuliolelewa Pwani tumelisikia neno hilo kabla hatujajua kusoma. Magharibi ikiingia mtoto huitwa ndani, na akikaidi huambiwa mumiani watamchukua. Vijana wa leo hulisikia wakacheka. Lakini nyuma ya neno hilo pana historia ya kweli ya kazi ya zimamoto katika miji ya mkoloni: ilifanywa vipi, ilifanywa na nani, na kwa nini watu waliokusudiwa kuokolewa walifika hadi ya kulirushia mawe gari la kuwaokoa. Historia hiyo yafaa kuelezwa vizuri, maana hasara yake haijesha.

Neno lilikotoka

Mumiani ni neno la zamani kuliko gari lolote la zimamoto. Asili yake ni Kiajemi, na hapo mwanzo lilikuwa jina la dawa. Ilikuwa kitu cheusi mfano wa lami au utomvu ulioganda, kikitoka Uajemi na kuuzwa katika bandari za Bahari ya Hindi. Watu walikipaka kwenye mifupa iliyovunjika na viungo vinavyouma, au wakakiyeyusha kwenye samli wakanywa. Kilitufikia kwa njia ile ile iliyoleta tende na mazulia.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua hasa kile kitu kimetengenezwa kwa nini. Wengine walisema ni lami ya mlimani, wengine wakasema kinatoka kwenye maiti za kale. Wengi wakaamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939, inalieleza neno hili kama dawa, kisha inaongeza kwamba watu wengi waamini ni damu ya waliouawa, na kwamba uvumi wa mumiani ukianza mjini watu huingiwa na hofu wasitoke nje baada ya jua kutua. Haikuwa imani yetu peke yetu. Kule Bara Hindi nako palikuwa na hadithi kama hizo, na neno lenyewe karibu ni lile lile: momiai.

Kwa hiyo hofu ilikuwapo, na jina lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kubandikwa jina hilo. Katika miaka ya ukoloni mtu huyo akapatikana, akiwa amevaa sare na kupanda gari jekundu. Nairobi, Kampala na miji mingine ya bara, watu hawakusema mumiani. Walisema wazimamoto, au bazimamoto kwa Waganda. Kule Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Majina yalitofautiana lakini kisa kilikuwa kimoja: wanaofanya kazi ya serikali usiku, na watu wanaopotea.

Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wengi wa Kenya na Uganda juu ya jambo hili, wakiwamo akina mama wa Pumwani, Nairobi, na mwaka 2000 akatoa kitabu kiitwacho Speaking with Vampires. Anaonyesha kwamba katika baadhi ya miji uvumi ulitangulia hata kikosi rasmi cha zimamoto. Mwandishi huyo hakuuliza kama hadithi ni za kweli. Aliuliza zinatueleza nini juu ya maisha ya waliozisimulia. Nasi tuulize swali hilo hilo, tukianza na kazi yenyewe.

Kabla ya zimamoto

Moto si mgeni kwetu. Mitaa ya makuti, kuanzia Majengo hadi vijiji vya pwani yote, imeishi na moto tangu zamani. Makuti yakishika, hasa wakati wa kaskazi jua likiwa kali na upepo unavuma, nyumba moja huwasha ya pili kabla mtu hajamaliza kupiga ukelele.

Kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na namna yake ya kupambana. Sauti ikipigwa, watu hutoka wote. Maji huchotwa kisimani na kwenye birika la msikiti, yakapitishwa mkono kwa mkono. Magunia hulowekwa, mchanga hutupwa. Vijana hupanda paa la nyumba ya jirani ambayo bado haijashika, wakang'oa makuti ili moto ukose njia. Mwenye nyumba ile hupoteza paa lake, lakini hupoteza kwa mikono ya watu anaowajua, na kesho yake watu hao hao humsaidia kuezeka upya. Ilikuwa kazi ngumu, na mara nyingi moto ulishinda. Lakini hakuna aliyewaogopa wazimaji, kwa sababu wazimaji walikuwa ni wao wenyewe.

Serikali ya mkoloni ilileta namna nyingine. Moto ukawa kazi ya halmashauri ya mji. Mombasa ilipata bodi yake ya manispaa mwaka 1928, nayo Nairobi ikapewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Katika utaratibu huu mpya, kuzima moto ni kazi ya watu maalumu, wanaolipwa, wanaokaa mahali maalumu wakingoja kuitwa. Kitaalamu hili ni jambo jema, maana moto wa mapipa ya mafuta au wa robota za pamba ghalani hauzimwi kwa ndoo za kisimani. Pamba ina tabia ya kuungua ndani kwa ndani. Ukidhani imezimika, kumbe kati ya robota moto ungali hai. Kazi kama hiyo yataka pampu, mipira mirefu, na watu waliofunzwa.

Lakini mji wa mkoloni haukuhudumiwa sawasawa. Zimamoto hutegemea maji yenye nguvu kwenye mabomba ya barabarani, na mabomba yalifuata pesa: bandari, maghala, ofisi, benki, na mitaa ya Wazungu. Mtaa uliokuwa ukichota maji kwenye kioski au kisimani haukuwa na mahali pa kuunganisha mpira wa gari la zimamoto. Basi aliyekaa Majengo aliliona gari likipita likienda kwingine mara nyingi zaidi kuliko alivyoliona likija kwake.

Kazi yenyewe, kama ilivyoonekana kwa nje

Sasa tuitazame kazi ya kituo cha zimamoto cha zama zile, kilichoendeshwa kwa mtindo wa Kiingereza, kwa jicho la jirani ambaye hakuna aliyemweleza lolote.

Kwanza ni zamu. Moto hauna saa, kwa hiyo lazima wawepo watu macho usiku na mchana. Watu hao hulala kituoni, au kwenye nyumba zilizojengwa pembeni mwa kituo. Mchana jirani huwaona wanaosha gari, wanasugua shaba, wanacheza karata. Hawalimi, hawauzi, hawabebi mizigo, na mwisho wa mwezi wanalipwa. Bandarini mtu anavunjika mgongo kutwa kwa ujira wa siku, na hapa kuna watu wanalipwa kwa kukaa. Jirani lazima ajiulize: wanalipwa kwa kazi gani?

Pili ni usiku. Mji umelala, ghafla milango mikubwa inafunguliwa, gari linatoka mbio likipiga kengele, taa zinamulika, na watu wenye kofia za ajabu wameng'ang'ania ubavuni. Kisha linarudi alfajiri, mlango unafungwa. Jirani hakuuona moto. Ameona gari limetoka tupu na kurudi, wala hajui limebeba nini.

Tatu ni vifaa. Mipira ya siku zile ilikuwa ya turubai, na turubai lisipokaushwa vizuri huoza. Kwa hiyo vituo vingi vilikuwa na mnara mrefu ambamo mipira ilitundikwa ikaninginia hadi ikauke. Palikuwa na mipira minene ya kufyonzea maji kutoka kisimani au baharini. Palikuwa na barakoa za kumkinga mtu na moshi. Palikuwa na ndoo zilizopakwa rangi nyekundu, za maji na za mchanga, ambazo zilitundikwa pia katika ofisi za serikali na stesheni za reli. Ukishaambiwa kwamba kazi ya watu hawa ni kufyonza, mpira wa kufyonzea na ndoo nyekundu havikuhitaji maelezo mengine.

Nne ni shimo. Gari la zimamoto sharti liwe zima wakati wote, na makanika alilitengeneza akiwa chini, ndani ya shimo lililochimbwa sakafuni, kama mashimo ya gereji tunayoyajua leo. Katika hadithi alizokusanya White, shimo linatajwa tena na tena: watu husukumwa shimoni, hutunzwa shimoni, hutolewa damu shimoni. Leo tumezoea gereji. Kwa mtu wa miaka ya 1930 ambaye hajawahi kuona gari likitengenezwa, shimo lililochimbwa ndani ya nyumba ya serikali, lenye kufunikwa kwa mbao na kunuka mafuta, lilikuwa kaburi.

Ukiviweka pamoja hivi vyote, utaona kwamba uvumi haukutoka hewani. Wazee wetu waliona kwa macho yao zamu, usiku, mipira, ndoo na shimo. Kilichokosekana ni maelezo, na pahali penye pengo la maelezo, uvumi hujaza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapa lililokuwapo ni siri, na siri hiyo ndiyo iliyozaa lisilokuwapo.

Nani alikuwa ndani

Jibu jingine liko kwenye orodha ya watumishi. Katika miji ya Kenya ya kikoloni kazi ziligawanywa kwa rangi, na zimamoto ilifuata mpango huo huo. Juu alikaa ofisa Mzungu. Waafrika ndio walioshika mipira, wakapanda ngazi na kuingia kwenye moshi. Amri zilitoka kwa Kiingereza, na mishahara ilifuata ngozi. Hata katika utumishi wa serikali kuu, ripoti ya tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba asiyekuwa Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Ni tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyopendekeza utaratibu huo uondolewe.

Mpango huo ulikuwa na madhara mawili. La kwanza, ofisa aliyejua kituo kinafanya nini hakuwa akiongea na mtaa. Hakukaa barazani, hakuswali msikitini, hakwenda mazikoni. Hata kama alitaka kueleza, hakuwa na lugha wala pa kuelezea. La pili, Mwafrika aliyekuwa ndani, ambaye angeweza kueleza, alikuwa amefungwa na kazi. Alilala kambini, alivaa sare ya serikali, mara nyingine alitoka bara asikokuwa na jamaa mjini. Kwa wenyeji alikuwa mgeni anayetumikia wageni. Akisema hakuna damu inayochukuliwa, jibu lilikuwa tayari: ameapishwa asiseme.

Fikiri hali ya kijana huyo. Kazi yake ni kuingia mahali ambapo kila mtu anakimbia kutoka. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa yule anayempa amri akiwa nje ya moshi. Akirudi mtaani, akina mama wanawavuta watoto ndani. Uvumi wa mumiani ulikuwa shutuma juu ya serikali, lakini mawe hayakumfikia gavana. Yalimfikia yeye.

Watu waliokwisha kuchukuliwa

Bado mtu anaweza kuuliza: siri ni kitu kimoja, lakini kuamini kwamba serikali yanyonya damu si kupita kiasi? Ili kujibu yabidi tukumbuke watu wale walikuwa wamepitia nini.

Pwani yetu iliujua utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907 tu. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka hamsini mwaka 1947 alizaliwa watu wangali wakimilikiwa, na alikua akisikia kwa wakubwa wake jinsi mtu alivyoshikwa njiani akauzwa.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918. Waingereza walihitaji wapagazi, wakawakusanya kwa nguvu, wengine wakikamatwa usiku vijijini. Makumi ya maelfu hawakurudi. Walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao cha Carrier Corps tumelifanya Kariakoo, na mpaka leo ni jina la mtaa Dar es Salaam, na Nairobi kuna Kariokor. Baada ya vita likaja kipande, cheti ambacho mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimika kukibeba, chenye alama za vidole vyake na jina la tajiri wake.

Na moto wenyewe? Mwaka 1902, tauni ilipoingia Nairobi, mamlaka ziliamua kuuteketeza mtaa wa maduka ya Wahindi. Basi wakazi wa Nairobi walimwona Mzungu akichoma mji kabla hawajamwona akizima moto.

Watu waliokuwa na kumbukumbu hizi hawakuwa wajinga. Walijua kwamba serikali ile huchukua watu, kwamba huwachukua usiku, na kwamba waliochukuliwa hawarudi. Walijua kwamba jasho la Mwafrika lageuzwa mali inayopelekwa ng'ambo. Hadithi ya mumiani ilisema hayo hayo kwa lugha ya mwili: badala ya jasho, damu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

1947 na 1959

Turudi Mombasa ya 1947. Mwezi Januari mwaka ule mji ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma wakidai mishahara ya kutosha na nyumba za kukaa. Bei zilikuwa zimepanda wakati wa vita, na vyumba vilijaa watu. Kutokana na mgomo ule ilipata nguvu African Workers' Federation, ambayo Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake, na mwezi Agosti serikali ikamkamata na kumhamishia mbali. Shambulio la kituo cha zimamoto liko katikati, mwezi Juni. Mji ulikuwa umekasirika na wakubwa walikuwa wakijadili thamani ya kazi ya Mwafrika ni shilingi ngapi. Sidai kwamba mgomo ndio ulioleta shambulio. Nasema tu kwamba uvumi, kama moto, hutaka vitu vikavu, na Mombasa ya mwaka ule ilikuwa kavu.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe za uhuru zikiwa zinakaribia, jambo hilo lilikuwa lingali hai. Huko Kampala mtu mmoja alikwenda kituo cha zimamoto akiwa na mwenzake, akataka kumuuza. Aliamini kwa dhati kwamba pale ndipo watu wanaponunuliwa, na alikuwa amekuja na bei yake. Wazimamoto wakaita polisi, na mapema mwaka 1959 yule muuzaji akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Mwezi Februari mwaka huo huo gazeti la Tanganyika Standard lililazimika kuwaarifu wasomaji wake kwamba wazimamoto hawanunui watu. Na wakati huo huo, mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, ulikumbwa na ghasia kati ya wakazi na polisi, chanzo kikiwa ni mumiani.

Kisa cha Kampala chatufunza jambo ambalo huwa twalisahau tunapowatetea wazee wetu. Uvumi ulianza kama hofu ya wanyonge, lakini haukukaa hapo. Uliposhamiri, alitokea mtu aliyeuona kuwa ni soko, akawa tayari kumpeleka mwenzake kwa pesa. Na wengine walipigwa na kuumizwa kwa sababu tu walikuwa wageni mtaani, au walichelewa kurudi nyumbani, au walivaa sare. Kuelewa uvumi umetoka wapi si sawa na kuuhalalisha. Mwaka 2017 kule kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya raia, serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya wafanyakazi wake. Hiyo ilikuwa juzi.

Faida kwetu leo

Kwa nini nimewarudisha huko kote? Kwa sababu zimamoto leo ni yetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za kuzima moto na kukabili majanga mikononi mwa kaunti. Hakuna tena gavana wa Kiingereza wa kulaumiwa. Gavana wa sasa tunampigia kura.

Lakini tazama linalotokea moto ukizuka. Gari likichelewa, watu hulipokea kwa matusi. Likifika bila maji ya kutosha, mara nyingine hupokewa kwa mawe. Watu huwa na hasira za haki, maana mali inateketea na pengine mtoto yuko ndani. Lakini jiwe linalompiga mzimamoto kichwani halizimi moto. Nalo ni lile lile la 1947: linampiga kijana aliye chini kabisa, kwa makosa ya walio juu walioacha gari bila matengenezo na barabara bila haidranti.

Na siri nayo ipo bado, ingawa imebadilika sura. Muulize mkazi wa Mji wa Kale kichwa cha bomba la zimamoto kilicho karibu na nyumba yake kiko wapi, na kama kina maji. Muulize gari kubwa litaingiaje kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa tabu, na kama kuna mpira wa kutosha kufika kutoka Ndia Kuu hadi mlangoni kwake. Muulize ameshawahi kuingia ndani ya kituo cha zimamoto. Wengi watajibu hapana kwa yote. Basi kwa upande huo hatujasogea sana kutoka kwa yule jirani wa zamani aliyeuona mnara wa mipira kwa mbali akaogopa.

Dawa haihitaji mabilioni yote kwa pamoja. Kituo kinaweza kufungua milango siku moja kila mwezi, watoto wa shule na madrasa wakaingia, wakashika mpira, wakavaa kofia, wakaliona hilo shimo na makanika akiwa ndani yake. Mtoto aliyewahi kupiga kengele ya gari la zimamoto hatalirushia jiwe akiwa kijana. Kaunti inaweza kuajiri vijana wa mitaa yenyewe, wanaojua kichochoro kipi kinatokea wapi na nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Inaweza kuweka wazi hesabu: magari mangapi yanafanya kazi, watu wangapi wako zamu usiku, haidranti zipi zina maji. Hesabu hizo zikiwa mbaya, afadhali tuzijue mapema tukiwa barazani kuliko kuzijua usiku wa moto.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Ule utaratibu wa mtaa wa kupitisha ndoo, kuloweka magunia na kuvunja njia ya moto haukupaswa kufa ati kwa sababu zimamoto imekuja. Dakika za mwanzo za moto ni za jirani, hata katika miji yenye magari mazuri kupita yetu. Kuzima mitungi ya gesi, kukata umeme, kuwatoa watoto na wazee, kuliondoa gari lililoegeshwa mdomoni mwa kichochoro: hayo hayangoji kengele. Zimamoto ikifika ikute mtaa uliokwisha kuanza kazi, na mtu mmoja wa kuwaonyesha maji yako wapi. Halmashauri ya mkoloni ilitutenganisha na kazi hiyo, ikatufanya watazamaji wa kuzima moto katika mji wetu wenyewe.

Mumiani hakuwahi kuwamo ndani ya kituo kile cha Mombasa. Waliokuwamo ni vijana wa Kiafrika waliokuwa wakingoja kengele ilie, ili wakaingie kwenye moshi kwa niaba ya watu wasiowaamini. Kutoaminiwa kwao hakukuletwa na ujinga wa mtaa peke yake. Kuliletwa na huduma iliyojengwa ikiwapa watu mgongo. Wale vijana hawakuwa na uwezo wa kuyabadili hayo. Sisi tunao.